Jumamosi za Mzee Dishon Obiero

Mchungaji, Bwana Chifu, wazee wa boma, akina mama, na wageni wetu mliotoka Kisumu, Awasi, Katito na kwingineko, familia imemkabidhi Enos, mdogo wa marehemu, huyu aliyesimama mbele yenu, kazi ya kuwasomea habari za maisha ya ndugu yake, na Enos anaomba radhi mapema kwamba yeye ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo tarehe zitakuwa nyingi, na atakayechoka kukaa anaruhusiwa kusimama, ila asiondoke, kwa sababu kuna jambo moja ambalo marehemu alikuwa akilingojea na hakulisikia, na jambo hilo litasomwa mwisho.

Marehemu Mzee Dishon Obiero alizaliwa hapa hapa Kadundo, Nyakach, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Absalom Nyakwaka na marehemu Elsie Adero, na kadi yake ya ubatizo inasema ilikuwa tarehe 12 Juni 1932, ingawa mama yetu alishikilia mpaka kufa kwake kwamba ilikuwa ni mwaka wa nzige wenyewe, yaani mwaka mmoja kabla, na marehemu, ambaye hakupenda kubishana na karatasi, alifuata kadi. Kati ya watoto saba wa Absalom, amebaki Enos peke yake, na hilo linasemwa bila kuomba huruma ya mtu.

Alianza masomo mwaka wa 1941 katika shule ya misheni ya hapa kijijini, akiandika kwa kidole mchangani kabla ya kupewa kibao, akaendelea mpaka darasa la nane, ambalo alimaliza Desemba 1950, na cheti chake, ambacho Mama Dorca, mjane wake, amekihifadhi kwenye sanduku la bati, kinasema kwamba hesabu alikuwa mzuri, mwandiko mzuri sana, na tabia mkaidi kidogo. Ni wakati huo, tarehe 7 Oktoba 1950, alipobatizwa upya kwa kuzamishwa na kujiunga na Wasabato, wakati sisi wengine wa nyumba ile tulibaki Waanglikana, na tangu siku hiyo nyumba ya Absalom ikawa na siku mbili za kupumzika kila wiki, jambo ambalo baba yetu, aliyekuwa na ng'ombe wengi na wavulana wachache, hakulifurahia hata kidogo.

Mwezi wa Mei 1953 aliajiriwa kuwa karani wa mizigo katika gati la Kisumu, akihesabu magunia ya pamba na ya mahindi yaliyoshuka kutoka melini, na pale gatini kulikuwa na ubao wa kupimia kina cha ziwa, ambao kila asubuhi ulikuwa lazima usomwe na kuandikwa, na kazi hiyo, ambayo makarani wengine waliikimbia kwa sababu ilitaka mtu ainame juu ya maji yenye taka, yeye aliiomba. Alikaa gatini miaka ishirini na sita, na wakubwa wake walimpangia Jumapili badala ya Jumamosi kwa sababu, kama alivyoandika mmoja wao katika barua ya kumsifu, ilikuwa rahisi zaidi kubadilisha ratiba ya bandari kuliko kumbadilisha Obiero.

Tarehe 15 Desemba 1957 alifunga ndoa na Dorca Anyango, binti wa fundi cherehani wa Awasi, katika kanisa la Awasi, siku ya Jumapili, na Mungu aliwabariki kwa watoto wanne, Benta, aliyezaliwa 1959 na ambaye ni muuguzi, Tom, aliyezaliwa 1962 na anayefanya biashara ya samaki pale Dunga, marehemu Nyakwaka mdogo, aliyezaliwa na kufariki 1964, na Lornah, aliyezaliwa 1966 na anayekaa hapa nyumbani na mama yake. Alikuwa baba wa maneno machache, hakuwachapa watoto, bali aliwaandikia makosa yao katika daftari na kuwasomea mwisho wa mwezi, na Tom amesema tuwaambie kwamba angependelea kiboko.

Alistaafu mwaka wa 1979 na kurudi Kadundo, na tarehe 3 Machi 1980, siku ya Jumatatu, alipewa kazi iliyompa jina mnalomwitia ninyi nyote, Japim, yaani mpimaji, kwa sababu siku hiyo watu wa maji walisimika ubao wa vipimo katika mto wetu Awach Kadundo, chini ya kivuko cha ng'ombe, ubao mweupe wenye mistari myeusi ambao watoto waliuita rula, wakamwachia marehemu daftari na fomu, na maagizo kwamba kila siku saa tatu asubuhi asome maji yamefika wapi na kuandika. Bonde letu mnalijua, mvua ikija inabeba kuku na maboma, ikiondoka inaondoka kabisa, na kuanzia Desemba mpaka Machi mto mzima ni kamba ya maji katikati ya mchanga, kwa hiyo kusoma rula hiyo hakukuwa mchezo wa wastaafu, bali ndiyo njia pekee ambayo mtu aliye mbali angeweza kujua kama mto wetu ni mzima au ni mgonjwa.

Hapa ndipo inapobidi kusema jambo ambalo familia ilijadili kama lisemwe, na Mama Dorca akakata shauri kwamba lisemwe, kwa sababu marehemu mwenyewe alilisema akiwa hai mbele ya watu wengi kuliko hawa. Marehemu hakwenda mtoni siku ya Sabato, na katika miezi ya kwanza aliacha nafasi ya Jumamosi wazi, mpaka fomu zikarudishwa na maelezo kwamba fomu haitakiwi kuwa na mapengo, naye, badala ya kutafuta mtu wa kumsomea Jumamosi, alifanya jambo ambalo ni mtu wa hesabu nzuri na imani kali peke yake anayeweza kulifikiria, alichukua kipimo cha Ijumaa na kipimo cha Jumapili, akaandika namba ya katikati, kisha akarudi nyuma na kujaza hata yale mapengo ya mwanzo. Enos alipomtania kwamba ameupa mto dini, alijibu kwamba mto nao una haki ya kukaa siku moja bila kuulizwa maswali, na kwamba maji hayawezi kwenda mbali kwa siku moja, na Enos alicheka, na anajuta kwamba alicheka, kwa sababu mwalimu wa hesabu alipaswa kuuliza swali.

Mwaka wa 1983 lilianzishwa shamba la mboga huko juu, mto unaposhuka kutoka mlimani, ambalo halitatajwa jina hapa kwa kuwa wenyewe hawakualikwa kujitetea, nalo lilikuwa na pampu mbili za dizeli na ruhusa ya kuvuta maji kidogo tu, na jicho pekee lililowaangalia lilikuwa ile rula ya marehemu. Haikuchukua muda watu wa pampu wakajua kwamba jicho hilo hufumbwa kuanzia Ijumaa jua linapozama, na baadaye mlinzi wao mmoja alieleza bila haya kwamba Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yao ya kumwagilia shamba lote, alfajiri mpaka magharibi, na kwamba usiku mto ulijaa tena polepole, ukamkuta Mzee Dishon Jumapili saa tatu ukiwa umevaa vizuri kama mtu atokaye kanisani.

Wasabato wenzake hawakuliona hilo, kwa sababu mama wa Kisabato huchota maji yake Ijumaa, lakini Mama Apiyo, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, mjane na Mkatoliki, aliliona, na mwaka wa 1986, katika kiangazi cha Februari, alikuja hapa nyumbani na kumwambia marehemu kwamba Jumamosi mto haupo, kwamba anachimba mchanga kwa bakuli kupata nusu ndoo, na kwamba samaki wadogo wanalala midomo wazi kwenye tope. Marehemu alimsikiliza, akampa chai, kisha akamshauri achote maji Ijumaa kama majirani zake, na Mama Apiyo, ambaye yuko hapa leo na ameruhusu jambo hili lisomwe, alimaliza chai yake na kwenda, na hakurudi kumwambia tena.

Miaka ikaenda, na mnamo Juni 1991 alifika binti mmoja kutoka Nyeri, Bi. Mwihaki, mtaalamu wa maji, akiwa ametumwa kutathmini usalama wa bonde letu, kwa sababu shamba la juu lilikuwa limeomba ruhusa ya kuongeza pampu nne, na jibu lilitegemea tathmini hiyo. Tulidhani amekuja kupima maji tu, lakini yeye alihesabu ng'ombe wanaokunywa, akauliza akina mama wanatembea hatua ngapi, akatazama matete, vyura na mashimo ya kamongo, yule samaki wa matopeni, na alipoulizwa vyura wana kazi gani katika ofisi ya serikali, alieleza kwamba swali lake si kwamba mto una maji kiasi gani, bali kwamba ukishawagawia watu, mifugo na mashamba, je, unabaki na kiasi cha kuishi wenyewe, maana mto uliokufa hauna cha kumgawia mtu. Marehemu alimpenda binti huyo tangu siku hiyo, akampa madaftari yake yote, miaka kumi na moja, yamefungwa kwa kamba ya katani, akiwa na fahari ambayo watu wa nyumba hii hawakuwahi kuiona hata siku ya harusi ya Benta.

Jumatatu tarehe 5 Agosti 1991, mchana, Bi. Mwihaki alirudi na madaftari, akakaa pale penye mlango, akakataa chai, akasema kwa heshima, "Mzee, hizi Jumamosi zako ni nzuri sana, zote ziko katikati, hakuna hata moja imekosea." Marehemu alisema tu kwamba mto haubadiliki sana kwa siku moja, na binti akakubali kwa kichwa, akaeleza kwamba kwa madaftari haya mto wetu unaweza kubeba pampu zote nne, kwamba ataandika hivyo kama Mzee atasema ni sawa, na kwamba mkutano wa kusoma tathmini utakuwa Jumatano ya wiki itakayofuata, kisha akaaga.

Mama Dorca anasema wiki ile hakula vizuri, na Jumamosi tarehe 10 Agosti, wakati kanisa lilikuwa katika somo la asubuhi, marehemu alisimama katikati ya benchi, akatoka na suti yake ya Sabato, akateremka mpaka mtoni, bila daftari wala kalamu, kwenda kuangalia tu. Alikuta rula imesimama mchangani kama mtu aliyeachwa na gari, na Mama Apiyo akiwa amepiga magoti chini yake, na bakuli, akichimba, na kutoka juu, kwa kuwa hewa ilikuwa tulivu, ilisikika pampu. Marehemu alivua koti, akalikunja, akapiga magoti upande wa pili wa shimo na kuchimba mpaka ndoo ya mama huyo ikajaa, akarudi kanisani na magoti yenye tope wakati wa mahubiri, akakaa mahali pale pale alipokuwa amekaa. Jua lilipozama alifungua daftari na kuandika sifuri, na hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi yake ya kwanza ya kweli.

Jumatano tarehe 14 Agosti 1991, katika uwanja wa shule, mbele ya wakubwa wa serikali, watu wa shamba na wananchi wasiopungua mia tatu, kabla Bi. Mwihaki hajafungua karatasi zake, marehemu aliomba ruhusa, akasimama, akavua kofia, akaeleza kwamba katika madaftari yale kuna Jumamosi mia tano tisini na sita ambazo hakuna mtu aliyezipima, na akasema, "Hizo Jumamosi ni zangu, mto hauzijui," kisha akageuka upande wa akina mama, akamwomba Mama Apiyo msamaha kwa jina lake, kwa Kiluo, polepole, akakaa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kitu pekee alichokuwa nacho duniani ambacho hakuna mtu alikitilia shaka kilikuwa ni mwandiko wake katika madaftari yale, na alikitoa mwenyewe, hadharani, bila kusukumwa. Enos alikuwa nyuma karibu na goli, na alilia, na haoni sababu ya kuficha.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri, kwani alisimamishwa kazi kwa barua ya tarehe 2 Septemba, vijana wa soko la Katito walimwita Bwana Katikati, na wazee wa kanisa lake walikaa mara mbili kuzungumza habari zake, na inasemekana walitumia muda mrefu zaidi juu ya kuchota maji siku ya Sabato kuliko juu ya ule uongo wa miaka kumi na moja, ingawa mwishowe mchungaji wa wakati huo aliwakumbusha habari ya Injili ya ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, wakamsamehe yote mawili. Bi. Mwihaki aliweka kambi mtoni, akasoma Jumamosi nane mfululizo kwa macho yake, na tathmini yake, iliyotoka Januari 1992, ilisema kwamba bonde letu haliko salama, kwamba pampu mpya zisiruhusiwe, na kwamba rula ikishuka chini ya sentimita ishirini pampu zote zizimwe, siku yoyote ya wiki, maji yanayobaki yakiwa ni ya watu, ya mifugo na ya mto wenyewe, na hivyo ndivyo ilivyoamriwa.

Mwezi wa Machi 1992 marehemu alirudishwa kazini, kwa sharti kwamba atafute mtu wa Jumamosi, naye, bila kuuliza mtu mwingine, alikuja kwa Enos, yule aliyecheka, na tangu hapo kila Jumamosi saa tatu Enos alisoma rula, akaandika kwenye kikaratasi, akaweka mfukoni, na kwa kuwa marehemu hakutaka kusikia habari za kazi kabla Sabato haijaisha, wazee wawili waliketi hapa nje kila Jumamosi jioni, wakizungumza habari za ng'ombe na wajukuu, mmoja akiwa na namba mfukoni na mwingine akitazama jua kwa pembe ya jicho, na lilipozama tu, kabla hata ya taa kuwashwa, alinyoosha mkono.

Novemba 1994 miguu yake ilianza kuvimba, na Machi 1995, katika hospitali kuu ya mkoa mjini Kisumu, ilibainika kwamba figo zake zimechoka, akaambiwa asinywe zaidi ya vikombe vinne kwa siku, na yeye, ambaye maisha yake yote alipima maji ya wengine, akaanza kupima ya kwake, akiandika kila kikombe katika daftari, na Benta, ambaye amelikagua kwa jicho la uuguzi, anashuhudia kwamba humo hakuna Jumamosi ya katikati. Lornah alichukua kazi ya rula siku za kawaida, na marehemu alilazwa hospitalini mara tatu, Julai 1995, Aprili 1996 na Desemba 1996, na mara ya tatu akaomba arudishwe nyumbani.

Kiangazi cha mwaka huu mmekiona wenyewe, na mwanzoni mwa Februari ilivuma pale Katito kwamba pampu za juu zimeanza tena kuwashwa Jumamosi, habari ambayo marehemu alisimuliwa na mgeni asiye na akili, na baada ya hapo hakuuliza habari ya dawa wala ya chakula, bali aliuliza rula. Ijumaa tarehe 21, Lornah alimsomea sentimita kumi na moja, naye marehemu akamwambia Enos kwamba kesho yake ikifanana na hiyo atalala vizuri, na ikiwa sifuri aambiwe vile vile, asitafutiwe namba ya katikati. Jumamosi tarehe 22 Februari 1997 Enos alisoma rula saa tatu, akaweka kikaratasi mfukoni, akaja kukaa naye, wakangoja pamoja, na saa tisa na dakika kumi alasiri, jua likiwa bado juu, Mzee Dishon Obiero alifariki mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Dorca, na Enos, ambaye angeweza kumnong'oneza na hakufanya hivyo kwa kumheshimu, hajui mpaka leo kama alifanya vyema.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu tisa na mdogo mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, hasa Mama Apiyo, ambaye maji yote ya msiba huu tangu siku ya kwanza ameyachota yeye na kukataa kusaidiwa, wafanyakazi wenzake wa zamani wa gati, watu wa maji, na Bi. Mwihaki, aliyesafiri tangu juzi na amekaa pale karibu na ua, pamoja na wote ambao hatukuwataja lakini mikono yenu tumeiona.

Kaka, leo ni Jumapili tarehe 2 Machi, Sabato imeisha na jua lake lilizama, kwa hiyo unaruhusiwa kusikia. Awach Kadundo, Jumamosi tarehe 22 Februari 1997, saa tatu asubuhi, sentimita kumi na moja, maji yanatembea.

Sasa lala vizuri, Japim, upumzike kwa amani.